Jina la Mama kwenye Mitambo Miwili

Fadhiya binti Faraj alianza kushona kofia akiwa na miaka kumi na mmoja, mkekani, ubavuni pa mamake, katika nyumba yao ya Kibokoni. Mamake aliitwa Bimdogo. Alishona kofia za vito, zile za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja mpaka vikatoa maua, na kofia moja humla mshonaji miezi miwili au mitatu. Bimdogo alipofariki, kazi ilibaki kwa Fadhiya. Kaka alikuwa hana. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Kamaludin, aliyesoma na kupata ukarani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, akahamia Mbaraki na mkewe Mahira.

Kisha maduka ya Biashara Street yakajaa kofia za mashine, bei ya kilo ya nyama. Fadhiya akawa anarudi na zake kama alivyokwenda nazo. Mwaka huohuo kampuni ikampunguza Kamaludin kazini. Alikuja Kibokoni asubuhi moja na kompyuta kwapani.

"Dada, wateja wako hawako Mombasa," alisema. "Wako Maskati, London, Toronto. Na hao wakitaka kitu hawaulizi mtu. Huuliza kompyuta."

Akamweleza. Mtu akiandika kwamba anatafuta kofia ya mkono, tangazo lao lingetokea juu kabisa. Kulitazama ni bure. Akilibofya ndipo wao wanakatwa pesa.

"Hata asiponunua?"

"Hata asiponunua."

"Basi ni sawa na kumlipa kila anayechungulia dukani."

Kamaludin alicheka. "Ndivyo hasa. Ila hawa wanaochungulia wameshaingiza mkono mfukoni."

Waliipa biashara jina la mama yao, Kofia za Bimdogo. Fadhiya alitoa kadi yake ya benki, Kamaludin akashika matangazo, na yeye akapewa fungu lake katika kila kofia. Oda zilikuja. Katika mwaka wa tatu wanawake kumi na wawili wa Mji wa Kale walikuwa wakimshonea majumbani mwao, na mmoja wao alilipa karo ya chuo ya bintiye kwa kazi hiyo.

Siku moja Fadhiya aliuliza kama mtambo wa kutafutia ni huo wa Google pekee.

"Kuna Bing," Kamaludin alisema. "Lakini kule ni jangwa, dada. Niliujaribu wiki mbili, hakupita mtu."

Fadhiya hakuuliza tena. Alimlea Kamaludin tangu ana miaka saba. Angemuulizaje?

Mwaka wa nne oda zilipungua. Kamaludin alisema bei ya mibofyo imepanda, akaomba waongeze pesa. Wakaongeza. Zikapungua tena.

Ndipo alipopiga simu Daktari Zakariya. Alikuwa mzee wa Kuze aliyestaafu akiwa Leicester, Uingereza, mteja wake wa zamani. Alipiga simu ya video akiwa ameishika kofia mkononi.

"Bi Fadhiya, sitaki kukukosea adabu," alisema. "Lakini mamako asingenitumia kitu kama hiki. Nimeivaa Ijumaa mbili, uzi umeanza kufumuka."

"Hebu isogeze, daktari."

Akaisogeza. Fadhiya hakuhitaji kutazama mara mbili. Vitundu vilikuwa vimelingana kama vimepigwa chapa, na upande wa ndani uzi ulipita moja kwa moja kutoka ua hadi ua, jambo ambalo mkono wa mtu haufanyi. Ilikuwa ya mashine. Ndani ilishonewa lebo: Kofia za Bimdogo, Mombasa.

"Hii haikutoka kwangu."

"Niliandika jina lenu kwenye kompyuta ya mwanangu, nikabofya tangazo la juu. Nikaandikiana na namba iliyokuwapo."

"Nisomee namba hiyo."

Mzee alivaa miwani akaisoma tarakimu moja moja. Fadhiya alikuwa ameshika kalamu lakini hakuandika. Namba ile aliijua kwa moyo. Ilikuwa ya Mahira, mke wa Kamaludin, na yeye aliipiga kila Ijumaa kuulizia watoto.

Hata hivyo hakutaka kuamini. Huenda daktari alikuwa amechanganya. Alifunga mlango, akaenda Makupa kwa Ndinda, mama mwenye saiba ndogo, kibanda cha kompyuta na intaneti, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyemchapishia karatasi za vifurushi.

Ndinda alimsikiliza mpaka mwisho. "Tusibahatishe, mama," alisema. "Tuandike jina lilelile pande zote mbili, tuone."

Aliandika kwenye Google. Likatokea tangazo la Fadhiya, lenye namba ya Fadhiya. Akaandika kwenye Bing. Likatokea tangazo jingine: Kofia za Bimdogo, kazi halisi ya mkono. Chini yake namba ya Mahira. Picha zilikuwa za kofia za Fadhiya mwenyewe, zimepigwa juu ya mkeka wake. Katika mojawapo kilionekana kidole chake chenye pete ya akiki.

Ndinda alitaka kulifungua. Fadhiya alimshika mkono.

"Usilibofye. Nataka kwanza kujua ni nani anayelilipia."

"Kwani huku ni jangwa kweli?" Fadhiya aliuliza.

"Watu ni wachache," Ndinda alisema. "Lakini kompyuta nyingi za ofisini hujifungulia Bing zenyewe, na wazee wengi hawabadilishi kilichomo. Mbofyo wa huku huwa wa bei rahisi mara nyingi, na anayebofya ni mtu kama huyo daktari wako. Mama, kadi yako inakatwa na nani?"

Fadhiya alimpa simu. Ndinda alipekua jumbe za benki, akasimama kwenye moja, halafu nyingine, halafu nyingine.

"Hii Microsoft ya kila mwezi?"

"Kamaludin alisema ni ada ya kompyuta."

"Microsoft ndio wenye Bing," Ndinda alisema polepole, kama mtu asiyetaka kuwa yeye wa kuileta habari hiyo.

Miezi kumi na tisa. Fadhiya alikuwa amelipia kila mbofyo uliomchukua mteja wake mlangoni na kumpeleka kwa nduguye.

Alasiri hiyohiyo alikwenda Mbaraki. Kamaludin alimfungulia mlango.

"Shikamoo, dada."

Fadhiya hakuitika. Tangu Kamaludin azaliwe hakuwahi kumnyima jibu la salamu hiyo. Kamaludin akajua.

Walikaa sebuleni. Mahira alileta chai, akaiweka, akabaki amesimama.

"Jina ni la mama," Kamaludin alianza yeye, kabla hajaulizwa. "Na mimi si mwanawe?"

"Ungeniomba, ningekupa."

"Nikuombe mpaka lini? Mtu mzima mimi, dada, nina watoto. Kila ninapopita mjini naambiwa, huyu ndiye nduguye Fadhiya. Kazi ya kompyuta yote niliifanya mimi. Bila mimi ungekuwa bado unazunguka Biashara Street na mfuko."

"Hilo ni kweli," Fadhiya alisema. "Na kadi yangu?"

Kamaludin alivuta kikombe, akakoroga chai.

"Picha ukazipiga kwangu, ukiwa umekula kwangu. Ukauza mashine kwa jina la mkono wa mama. Yule mzee wa Leicester sasa mwizi wake ni mimi. Hilo nalo utalirudisha vipi?"

"Nitamrudishia pesa yake."

"Sikukuuliza pesa."

Mahira alisema, "Wifi, kunywa chai kwanza." Fadhiya aliinuka, akavaa viatu vyake, akatoka.

Hakwenda kwa kadhi wala polisi. Aliifunga ile kadi benki, akachukua nyingine. Alimshonea Daktari Zakariya kofia nyingine kwa mkono wake mwenyewe, miezi miwili na nusu, akaituma na barua fupi isiyomtaja mtu. Na kila Jumatatu alikwenda Makupa, Ndinda akamfunza kushika matangazo. Mwezi wa kwanza aliweka kiasi kilekile pande zote mbili, akaandika daftarini nani alitoka wapi. Wa Google walikuwa wengi, wakiuliza bei na kwenda zao. Wa Bing walikuwa arubaini na mmoja tu, na tisa walinunua. Baada ya hapo hakuacha hata mmoja wa mitambo ile, ila Bing akaipa zaidi.

Jambo moja lilimshinda kulimeza. Kamaludin hakuliondoa tangazo lake. Alilihamishia kadi yake mwenyewe, akaendelea. Na mtambo hauulizi nani ni mtoto mkubwa wa Bimdogo. Kwa kiasi kikubwa, anayekubali kukatwa zaidi ndiye anayekaa juu. Wale wanawake kumi na wawili hawakutaka jina libadilishwe, kwa sababu wateja walilijua hilo. Basi kila wiki Fadhiya alipandisha bei kidogo, na Kamaludin akapandisha, na jina la mama yao likawa mnadani baina ya wanawe wawili. Siku ya kwanza alipolielewa jambo hilo, Fadhiya alimwomba Ndinda maji, akakaa nayo nje ya saiba mpaka adhana ya alasiri.

Mwezi wa saba baada ya siku ile ya Mbaraki, asubuhi, simu iliita. Namba ya Mahira. Alijifuta mikono, akakaa vizuri, akaipokea.

Alikuwa Kamaludin. Alimsalimu kirefu, akamuulizia magoti yake, akamwambia kwamba mtoto mdogo amemaliza juzuu ya kwanza. Fadhiya aliitika yote, mara hii na marahaba pia. Alisubiri neno la kuomba radhi.

"Dada, nilitaka kukuuliza jambo," Kamaludin alisema.

"Sema, mwanangu."

"Pale Bing, unaweka ngapi kwa mbofyo? Kila nikipandisha nakukuta uko juu yangu."

Fadhiya aliihamishia simu sikio la pili.

Alisema, "Nilidhani umepiga kwa jingine."

"Jingine gani?" Kamaludin aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye kweli hajui.

Fadhiya akamwambia awasalimie watoto, akaiweka simu chini.