Emilienne Anayefungua Milango Kabla ya Radi

Saa tano na nusu asubuhi, Jumatatu ya Pasaka, jua la Kasongo, mashariki mwa Kongo, linachoma utosi. Emilienne anafungua mlango wa darasa la kwanza, halafu la pili, mpaka la sita. Anasogeza madawati mbali na madirisha, anafagia katikati, kisha anatoka nje akijipangusa jasho kwa ncha ya kitenge.

Watu wamejipanga kandokando ya barabara kusubiri mbio za wachukuzi wa baiskeli, wanaume wale wale wanaosukuma mpunga na mawese kutoka Kabambare mwaka mzima. Leo kila mmoja amefunga gunia nyuma, anaendesha mpaka daraja la pili na kurudi. Mstari wa kumalizia uko mbele ya lango la shule.

"Mama Emilienne, jua iko vile, unafungulia nani?" anauliza Mwanvua, muuza mahindi ya kuchoma.

"Ninafungulia wewe," anajibu, wala hasimami.

Emilienne ana miaka hamsini na sita. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akiwa mlinzi na mfagizi wa shule hii ya msingi, kwa mshahara wa faranga elfu sabini kwa mwezi, ukija. Nyumbani analima mpunga kama ukoo wake wote. Si mwenye maneno mengi. Lakini ukimwuliza kwa nini anafungua madarasa siku ya mapumziko, ataketi kwanza.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya mbio kama hizi, milango ilikuwa imefungwa. Mwaka uliotangulia watazamaji walipanda juu ya madawati na kuvunja manne, na mkuu wa shule wa wakati huo akaapa kwamba sikukuu haitaingia tena darasani. Akaenda kwao kwa Pasaka, akamwachia Emilienne funguo na onyo: akifungua, unga wake umemwagika.

Wingu lilipanda upande wa mto Lualaba. Ngurumo ya kwanza ilisikika kwa mbali, watu wakaendelea kupiga soga. Mvua ilipoanza, wengi walijibanza chini ya turubai la wageni wa heshima, lililosimamishwa kwa mabomba ya chuma katikati ya uwanja mtupu. Wengine walikimbilia miti. Shule ya matofali, yenye waya wa shaba unaotoka paani na kuzama ardhini kwa ajili ya radi, ilikuwa hatua sitini tu kutoka hapo.

"Mi nilisimama ku mulango," anasema. "Funguo iko mu mukono. Nikasema nitangoja kidogo, labda mvua itapita. Niliogopa kazi yangu. Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza madawati."

Radi ilipiga bomba moja la turubai. Laetitia, muuza mikate wa miaka ishirini na tisa, alikuwa amelishika bomba hilo ili upepo usibebe turubai. Alifia hapo hapo. Watu watano waliungua.

Na hapa ndipo panapouma zaidi, maana hakuna aliyeuliza habari ya mlango. Waliuliza nani ametuma radi. Mji ukishaanza kumtafuta mchawi, haukosi kumpata. Pitchou, mchukuzi aliyetolewa mbioni asubuhi hiyo kwa sababu gunia lake lilipungua uzito, alikuwa amesikika akisema siku haitaisha vizuri. Ilitosha. Wakamwita mulozi, naye akatorokea Kabambare na baiskeli yake, akamwacha mke na nyumba.

Emilienne alinyamaza miezi minne.

"Nilikuwa nalala na ile neno mu kifua," anasema. "Kila asubuhi naona muke ya Pitchou anachota maji peke yake, watu wanamupisha njia. Mi najua. Sisemi."

Jumapili moja, baada ya matangazo kanisani, alipiga moyo konde akaomba kusema. "Niliwaambia: muache Pitchou. Radi haikutumwa na mutu. Ilikuta watu inje sababu mi nilifunga mulango." Wengine walilia. Wengine walisema amelipwa kumtetea. Mama yake Laetitia alitoka bila kumtazama, na mpaka leo humsalimu kwa kichwa tu.

Pitchou alirudi mwaka jana. Muuguzi mmoja alimfundisha Emilienne jambo rahisi: usingoje mvua, ukisikia ngurumo ingia ndani, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mkuu mpya wa shule akakubali afungue. Sasa minong'ono imemgeukia Emilienne. Mtu gani anajua radi kabla haijaja, kama si mwenye kuiita?

Saa sita na robo ngurumo inasikika ng'ambo ya mto, nzito na fupi. Jua bado linawaka. Emilienne anapuliza filimbi, anatundika kitambaa chekundu langoni. Hakuna anayesogea. Baiskeli zimeshaonekana juu ya mteremko, na nani ataacha nafasi ya mbele aliyoishikilia tangu asubuhi?

"Mama, acha wamalize kwanza," mzee mmoja anamsihi.

"Ile mara ingine tulisema vile vile, baba."

Anaanza kuwavuta mkono mmoja mmoja. Wanacheka, wanajinasua. Ngurumo ya pili ni kubwa zaidi.

Baiskeli ya kwanza inashuka, na anayeendesha ni Pitchou. Zimebaki hatua thelathini. Anaona kitambaa, anafunga breki, anakata kona langoni. Analaza baiskeli na gunia lake nyasini, anaingia darasani mikono mitupu. Hajauvuka mstari wa kumalizia, ulio hatua chache mbele.

Watu wanageuza shingo kumfuata kwa macho. Kisha Mwanvua anainuka.

"Kama mulozi mwenyewe anakimbia radi, mi nabaki inje nafanya nini?"

Kicheko kinapasuka, na watu wanamfuata wakisukumana, waendesha baiskeli nao nyuma yao.

Mvua inapiga kwa dakika arobaini. Ndani ya darasa, Pitchou amekaa sakafuni. "Walisema napenda kushinda mpaka kuua mutu," anasema polepole. "Leo wameona."

Radi haikupiga uwanja. Watu wanatoka wakinung'unika: mbio zimeharibika bure, mshindi hajulikani, mzee mzima kapoteza kiatu kwa ajili ya ngurumo. Heri nusu shari kuliko shari kamili, lakini nani atakubali hivyo wakati kiatu hakionekani?

Emilienne anatarajia kuacha kazi mwakani. Kabla ya hapo anataka funguo za pili zikae kwa Mwanvua, na kamati ya mbio iandike kwamba ngurumo ya kwanza inasimamisha mbio, yeye awepo asiwepo. Mjumbe mmoja wa kamati amekuja kumfokea kuhusu mshindi. Anamsikiliza mpaka mwisho, ametulia.

"Acha wanikasirikie," Emilienne anasema baada ya mjumbe kuondoka. "Laetitia hakupata nafasi ya kunikasirikia."