Swali la Sita

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyokuwa chakula changu kwa miezi minne na sioni sababu ya kujifanya mpole sasa.

Mdogo wangu alikuwa mkata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Miaka ishirini na mbili alisimama mbele ya mashine yenye kisu kirefu kuliko mkono wa mtu mzima, akipanga rundo la karatasi, akibonyeza, kisu kinashuka, anageuza rundo, kinashuka tena. Pembeni mashine ilikuwa na kijicho cha taa: mkono ukikatiza mbele yake, kisu kinagoma kushuka. Msimamizi aliona kijicho hicho kinachelewesha kazi, akaagiza waya zake ziunganishwe moja kwa moja, kikabaki pambo. Siku ya kazi ya haraka ya madaftari, vidole vinne vya mkono wa kulia vikaenda. Kikabaki kidole gumba. Kiwanda kikamletea kikapu cha matunda na barua iliyosema kwamba alikuwa mzembe. Matunda niliyatupa. Barua ninayo hadi leo, huitoa na kuisoma kila ninapohisi hasira inaanza kupoa.

Ila habari ninayoiandika si ya kiwanda. Ni ya Jumamosi.

Mdogo wangu ana binti mmoja, mkunga, anafanya kazi nchi nyingine, safari ya ndege mbili. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la nne, tukamlea kwa zamu mimi na baba yake katika nyumba hii hii ninayoshonea nguo. Sasa, baba na binti hawa si watu wa simu. Wakipigiana, mmoja anasema "Mzima?" na mwingine anasema "Mzima," kisha kila mmoja anangoja mwenzake akate. Maongezi yao yote yako kwenye mchezo wa kompyuta. Tangu binti akiwa na miaka kumi wanalinda ngome pamoja: mmoja anajenga ukuta, mwingine anawapiga maadui wanaoukwea. Kila Jumamosi saa tisa alasiri wanavaa hedifoni zao, yeye huko na baba huku, na kati ya adui na adui ndipo wanapoambiana kila kitu. Mkuu wa wodi mwenye roho mbaya, goti la baba, kijana fulani aliyekuja na maua na kijana huyo huyo alivyoondoka. Mimi nikiwa kwenye cherehani chumba cha pili nilikuwa nikisikia upande mmoja tu wa maongezi, na ulinitosha.

Baada ya ajali alimwambia binti kwamba kompyuta imekufa.

"Kwa hiyo hajui?" nilimuuliza.

"Na hatajua. Amebakiza miezi sita ya mkataba. Akijua ataacha kazi arudi kunikatia nyama kwenye sahani. Dada, ukimwambia, mimi na wewe basi."

Nikafunga domo. Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, nilifunga domo. Zaidi ya hapo, kwa kuwa alikuwa anauficha mkono mfukoni na kigutu kinachungulia, nilizichukua suruali zake zote nikaongeza kina cha mfuko wa kulia. Nilishona vizuri mno. Ukimtazama ungedhani ni bwana fulani anayetembea kwa maringo.

Alichokitaka ni kurudi kwenye mchezo kabla binti hajaanza kushuku, na acheze kama zamani. Ndipo akakimbilia Wazee wa Fremu. Hilo ni kundi la kwenye simu la wapenda kompyuta za michezo, watu mia tatu na ushee. Fremu ni picha zinazopita kwenye kioo kila sekunde. Zikiwa nyingi mchezo unateleza, zikiwa chache unadonoa donoa. Watu hawa wanazihesabu fremu zao kama wengine wanavyohesabu magoli. Mle ndani mdogo wangu aliitwa Mzee wa Karatasi, na aliwaheshimu kuliko alivyowahi kuniheshimu mimi.

Anayetaka ushauri wa vifaa lazima ajaze fomu. Ni amri ya Mwenyekiti, muuza dawa za mifugo ambaye ukimsoma unaweza kudhani anaongoza bunge. Maswali sita: una kiasi gani, unacheza nini, kioo chako kikubwa vipi, una vifaa gani tayari, umeme wenu unakatika mara ngapi, na la sita, mengineyo. Kwenye la sita mdogo wangu aliandika kwa kidole cha mkono wa kushoto, taratibu, chai ikapoa pembeni yake: *Natumia mkono wa kushoto tu. Wa kulia umebaki gumba. Nataka niweze kutembea, kulenga, kupiga na kujenga kwa wakati mmoja.*

Kufikia adhuhuri yalikuwa yameingia majibu arobaini na matatu.

Nilikuwa nyuma ya kiti chake, nikayasoma yote. Wa kwanza alimwambia abadilishe kadi ya michoro, kile kifaa cha ndani kinachochora picha za mchezo. Wa pili akasema kadi hiyo ni jiko, itamwivishia nyumba. Wa tatu akamtetea wa kwanza. Mwingine akasifia kibodi ambayo vitufe vyake vina mlio mtamu. Akaja mmoja anayejiita Bwana Feni na picha ya kipanya chenye vitufe kumi na viwili ubavuni: "Mzee, hiki ukikishika hutaki kukiacha. Vidole vinajipanga vyenyewe." Watu wakashangilia. Kisha mtu akauliza taa za ndani ya kompyuta ziwe za bluu au nyekundu, na hapo wakapotea kabisa. Siku mbili nzima. Wazee wenye wake na wajukuu, wanagombania taa.

Damu ilinichemka. Nikampokonya simu nikaandika: "Nyinyi mna macho au mmechorwa? Someni swali la sita!"

"Mzee wa Karatasi, tuheshimiane. Lugha hiyo hapana," akajibu Mwenyekiti. Mmoja akaandika pole sana, akaweka vile vikono viwili vilivyoshikana, viganja vizima na vidole vyote kumi. Kisha wakarudi kwenye taa.

Na kinachoniudhi hadi leo ni kwamba mdogo wangu aliwaamini. Alikinunua kile kipanya. Kwa kuwa watu ishirini wamekisifia, alidhani kuna namna atakayoiona kikishafika. Kilipofika akakiweka mezani, akakishika kwa mkono wa kushoto, kiwiko kikamtoka nje kama cha mtu anayesukuma mlango. Vitufe kumi na viwili vyote vilikuwa upande usiofikiwa na gumba. Akacheka kidogo. Halafu akakirusha ukutani. Miaka hamsini na mmoja namjua, sijawahi kumwona akirusha kitu.

Jioni ile ile ndipo Ndimu alipojitokeza.

Ndimu alikuwa mgeni kwenye kundi, wiki mbili tu, hana picha wala salamu. Aliandika: "Acheni taa. Mzee wa Karatasi, jibu. Gumba la kulia linakunjika mpaka wapi? Kiganja kinaweza kubonyeza kitu kwa nguvu? Kidonda kimefunga vizuri au kinauma kikiguswa? Miguu mizima?"

Nikasema huyu amelelewa wapi. Mtu mzima anahojiwa mbele ya watu mia tatu kama ng'ombe wa mnadani! Lakini mdogo wangu alikaa kitako akajibu swali moja moja, na nikaona mabega yake yanashuka. Alikuwa hajaulizwa hayo na mtu. Daktari aliuliza kama anatumia dawa, mimi niliuliza kama amekula.

Walibishana siku nne. Mdogo wangu alitaka kadi mpya. Ndimu akamwambia kadi aliyonayo inautosha mchezo huo na kubaki, asijitie ujana. Akamchagulia kipanya cha mkono wa kushoto, chepesi, chenye vitufe viwili tu vya gumba. Akamwambia atafute kitufe cha kengele ya mlango, kile kikubwa cha mviringo, akifunge mezani mahali kiganja cha kulia kinapotua: hicho ndicho cha kupigia. Na kutembea?

"Kwa miguu, kama watu wengine. Hapo karibu yako hakuna fundi cherehani? Muombe pedali mbovu mbili."

Mdogo wangu akanigeukia akicheka. "Dada, sikiliza bahati hii!"

Nikampa pedali. Ndimu akaeleza: fungua kibodi ya zamani, ndani utakuta kibao kidogo, kila herufi ni nukta mbili zinazogusanishwa, toa waya kwenye nukta hizo upeleke kwenye pedali, ukikanyaga ni kama umebonyeza herufi. Fundi redio wa duka la mbele akashika risasi yake ya kuyeyusha na kuunganishia waya akafanya kazi hiyo asubuhi moja. Mguu wa kulia kwenda mbele, wa kushoto kujenga.

"Natembea!" mdogo wangu alipiga kelele. "Dada, njoo uone, natembea!"

Nikalia, na nikakasirika kwa kulia.

Akapiga picha, pedali zikiwa chini na kengele mezani, akaitupia kwenye kundi. Wazee wakampongeza, Bwana Feni akauliza mbona hakuna taa. Ndimu akaandika: "Pedali ziko upande mbaya. Zisogeze dirishani. Droo ya chini haifungi, itakugonga goti."

"Huyu mtu ni jini!" mdogo wangu akasema, akainama kuzisogeza.

Mimi nikaitazama ile picha tena. Droo haikuwemo. Picha ilikomea kwenye mguu wa meza. Na droo ile haifungi kwa sababu kuna mtoto mmoja aliikanyaga akipanda kuchukua biskuti juu ya kabati, na shangazi yake akamfichia siri.

Nikainakili namba ya Ndimu, ngeni kwetu sote, nikaenda chumbani kwangu na simu yangu, nikamwandikia pembeni: "Ni wewe?"

"Ni mimi." Bila shikamoo. Mtoto ambaye hajawahi kuninyima shikamoo hata akiwa na homa.

Kisha yakaja mengine, moja baada ya jingine. "Nilijiunga ili nimnunulie baba kompyuta nyingine, iwe zawadi. Nikawauliza Mzee wa Karatasi anatumia vifaa gani. Wakanitumia fomu yake. Shangazi, habari za mkono wa baba nimezisoma kwenye swali la sita. Chini yake watu wanagombania taa. Nilikuwa zamu. Nikaenda kusimama stoo ya mashuka."

Nikaandika: "Aliniapisha."

"Mimi sikukuapisha. Nilikuamini tu." Na kabla sijapumua: "Kwenye ile picha mliyonitumia mwezi uliopita mkono wake umezama mfukoni mpaka karibu na kiwiko. Suruali za namna hiyo haziuzwi dukani. Nani ameishona?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha kiwanda kizima, Mwenyekiti na Wazee wake wote. Nikaitafuta nimjibu nayo huyu mtoto, nikakosa hata kidogo. Nilikuwa nimeshona mimi. Nikamuuliza kama nimwambie baba yake.

"Usimwambie kitu. Jumamosi saa tisa. Atasema mwenyewe, la sivyo kila ukuta anaojenga nitauangusha."

Jumamosi mdogo wangu alimtangazia binti kwamba kompyuta imefufuka. Akavaa hedifoni, akaweka miguu kwenye pedali zangu na kiganja kwenye kengele. Nilikaa kwenye cherehani na suruali yake mapajani, sishoni. Walianza. Alijenga ukuta, ukapinda, akapiga, akakosa, akacheka kama zamani. Mara nikasikia kicheko kimekatika.

"Hapana, ni kipanya kipya tu, sijakizoea... Hapana, mwanangu... Nani? Ndimu?"

Nikasogea mlangoni na suruali mkononi. Kwenye kioo maadui walikuwa wanaukwea ukuta na hakuna anayewazuia. Mdogo wangu akawasha kamera. Akautoa mkono wa kulia kwenye kengele, akauinua mbele ya uso wake, akauacha hapo. Nikaisikia sauti ya binti ikipenya kwenye hedifoni, ndogo na kali, anamgombeza baba yake huku analia, na baba anaitikia tu: "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Kweli. Nimekosa." Nilihesabu "nimekosa" saba.

Hatimaye akasogeza hedifoni sikio moja likawa wazi, akanigeukia, macho mekundu.

"Anasema mkataba anaumaliza, harudi. Lakini tukimficha kitu tena anapanda ndege kesho yake. Anauliza kama upo."

"Mwambie nipo."

"Anasema usiondoke. Akimalizana na mimi, ni zamu yako. Na shikamoo leo usiitegemee."

Nikavuta stuli hadi karibu na meza, upande wa droo isiyofunga. Nikachukua kifumulio, nikaanza kuufumua mfuko wa suruali huku nangoja kuitwa.