Maji ya Mpira wa Uani

Mwandiko wangu ni mbaya, na najua kuna maneno nitakayoyakosea herufi. Nilimaliza darasa la nane huko kwetu magharibi mwa Kenya, nikaishia hapo. Naandika polepole, kwa kalamu, nimekalia ndoo iliyopinduliwa kwa sababu chumba changu hakina meza. Mkishindwa kusoma mahali, nisameheni, rukeni mwende mbele. Nimechoka, lakini jambo hili nataka kulitoa.

Nafanya kazi za nyumbani huku Uarabuni, mtaa wa Rashidiya, kwenye nyumba ya familia ambayo asili yao ni Unguja. Madam alizaliwa hukuhuku na Kiswahili chake ni cha maneno machache. Mama yake, ambaye sote tunamwita bibi, anakizungumza vizuri kuliko mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naona haya kufungua mdomo mbele yake. Siku aliponisikia nikisema "mimi nakujanga", alicheka mpaka akashika ukuta.

Macho ya bibi yameingia ukungu. Chumbani kwake alikuwa na mwasumini kwenye chungu kikubwa cha udongo. Jua la hapa lilikuwa limeshamuulia miti miwili, kwa hiyo huu wa tatu aliulea ndani, kwenye kiyoyozi, na mjukuu wake akamfungia taa ya kuoteshea mimea, ile ya rangi ya zambarau. Taa hiyo ilionekana mpaka barabarani. Mlinzi wa jengo la pili, Mganda ambaye tumezoeana, alikuwa ananisimamisha kila nikitoa taka.

"Wewe Mkenya, huko dirishani mnalima nini?"

"Ni maua ya bibi."

"Maua! Taa kama hiyo watu wanalimia bangi. Siku wakija kukuchukua, mimi sikujui. Hata jina lako nimeshalisahau."

Alikuwa anacheka, lakini mimi nilirudi ndani haraka nikavuta pazia.

Mwezi wa tisa mjukuu huyo alikuwa anaolewa. Kwao bibi harusi hubandikwa kifuani kikuba, yaani kishada kidogo cha asumini na rehani. Bibi alikuwa amemwahidi tangu akiwa mtoto kwamba asumini za kikuba chake zitatoka kwenye mti wake mwenyewe. Na mti ulikuwa umejaa matumba. Kila asubuhi bibi aliyahesabu kwa vidole, akigusa moja moja kama anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Alifika hamsini na tatu, akaniita nije nishuhudie.

Siku kumi kabla ya harusi madam alisimama mlangoni.

"Watu wa kupaka rangi wanakuja kesho. Huu mti, nje. Yalla."

Alipoondoka, bibi alinishika mkono.

"Nje si mchezo, mwanangu. Huyu yumo kwenye baridi na kivuli tangu alipopandwa. Ukimtoa kwa ghafla atakufa kwa woga. Mzoeshe. Leo muda mdogo tu kibarazani, kesho uzidishe. Jua la asubuhi, basi. La mchana asilione."

Nilifanya hivyo siku nne. Chungu kilikuwa kizito. Nilikikumbatia kifuani nikashuka nacho ngazi za kibarazani, matumba yakinigusa shavu, halafu nikakirudisha kwenye korido kabla jua halijapanda. Katikati ya safari hizo kulikuwa na kazi za harusi. Mazulia yalitolewa na kukung'utwa, wageni wakaanza kufika kutoka Muscat, na kila kundi lilitaka chai kabla halijavua viatu. Mgongo wangu ulikuwa unauma hata nikiwa nimelala.

Siku ya tano bibi alisema mti sasa ushinde nje, ila kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma. Niliuweka. Baada ya kuosha vyombo vya mchana nikakaa kwenye ngazi ya jiko nipumzike kidogo, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehama. Mti ulikuwa juani wote, majani yamelegea kama vitambaa vibichi.

Nyumbani, mama yangu akihamisha mche wowote anaumwagia maji, asubuhi au mchana, maji ya chemchemi. Mmea ukilegea unataka maji. Hilo ndilo pekee nililokuwa najua. Niliokota mpira wa maji uliokuwa umelala uani, nikafungua, nikajaza chungu mpaka maji yakamwagikia vidole vya miguu yangu. Hapo ndipo niliporuka.

Labda hamjafika huku, kwa hiyo nieleze. Miezi ya joto maji ya tangi la juu ya paa huchemka kwa jua. Bomba la maji baridi ndilo linalounguza. Sisi wafanyakazi tunazima hita ya bafuni, ili maji yaliyomo yapoe humo ndani ya nyumba, na tunaoga hayo. Kila anayekuja kufanya kazi huku anafundishwa jambo hilo wiki ya kwanza. Nami nilifundishwa. Lakini sikuwaza kwamba hata mti unaoga. Na mpira ule ulikuwa umelala juu ya vigae tangu asubuhi.

Nilikimbilia ndoo ya maji ya hita, nikamwaga, nikauvuta mti kivulini. Kesho yake matumba yalikuwa na rangi ya chai.

Sikumwambia mtu isipokuwa yule mlinzi.

"Shida iko wapi?" akasema. "Nenda Al Ras, ulizia sokoni. Kuna asumini zimeshatungwa kwenye uzi. Nunua, mpe bibi yenu. Si haoni?"

"Anahesabu kwa vidole."

"Basi mwambie yameshachanua, wewe umeyachuma. Ndugu yangu, unajitafutia tiketi ya kurudi nyumbani kwa sababu ya ua?"

Kwa siku mbili nilimdanganya bibi. Nilimwambia harufu ya rangi ni kali, asitoke, na kwamba mti uko vizuri. Aliniitikia, "Haya, mwanangu," na ile haya yake ilinilemea kuliko chungu. Siku ya tatu alitoka mwenyewe na fimbo yake. Nilikuwa nafagia. Aliinama, akaanza.

"Moja. Mbili."

Akafika tisa, akasimama. Akapapasa upya. Mengine yaliyoanguka alikuwa anayakanyaga kwa makubazi yake, nikayasikia yakivunjika.

"Nini kimempata?"

Niliulaza ufagio chini.

"Ni mimi, bibi. Nilimwagilia kwa mpira."

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Weye waoga maji hayo?"

"Hapana, bibi. Mimi nazima hita."

"Ukaenda kumwogesha mwenzio."

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza kama madam anajua. Nikasema hajui.

"Usimwambie. Atautupa."

Halafu yeye mwenyewe akanituma Al Ras, neno lilelile la mlinzi, ila sasa lilitoka kwake na lilikuwa zito. Asumini nilizoleta zilikuwa baridi kwa barafu, nyeupe, kubwa. Alizinusa, akasema, "Nzuri. Lakini hazina kwao."

Katika yale tisa, yalichanua matano. Bibi aliyachuma jioni kabla ya harusi, akayaviringa kwenye kitambaa kibichi. Asubuhi akayaweka katikati ya kikuba, na zile za sokoni akazizungusha pembeni na rehani. Nilikuwa napita na viti nilipomwona bibi harusi akimbusu mkono.

"Asumini zako, bibi. Uliniahidi."

"Zimo," bibi akasema.

Mti bado uko uani. Chumba kimepakwa rangi nyeupe na madam hataki udongo tena humo ndani, wala ile taa. Nilikata matawi yaliyokauka, nikauwekea turubai la kivuli. Naumwagilia alfajiri tu, kwa kikombe, kutoka ndoo ya maji ya hita. Nayapima kwa kidole kwanza. Majani machache yametoka. Tumba hata moja hakuna.

Kila asubuhi bibi anakuja anapapasa, anauliza, "Bado?" Nasema, "Bado, bibi." Wiki hii hakuweza kutoka siku mbili, miguu imevimba, akaniuliza kupitia dirishani.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, kama kuna aliyewahi kulea mwasumini kwenye nchi ya joto, na mizizi yake ikaungua, naomba aniandikie. Je, unachanua tena? Baada ya miezi mingapi? Kuna kitu naweza kuulisha? Andikeni kwa herufi kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole. Nimechoka kumwambia bado.