King'ora cha Karafuu

"Tatu kutoka wapi?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo akiwa juu ya kibao cha mbuzi, anakuna nazi, bila hata kuinua macho. Nilikuwa nimetoka kumtangazia kwamba hapa, kwenye mguu wa katikati wa transista, nina volti tatu kamili, kwa hiyo king'ora lazima kilie. Hakikulia.

"Tatu tu, Mama. Volti ni volti."

Akacheka puani. "Haya, msomi. Tatu tu."

Nilikuwa nimepanda Kinole, kijijini mlimani, likizo, kwa bibi mzaa mama, wakati wa karafuu. Msimu huo kijiji kizima hunukia utamu mkali unaokufuata hadi usingizini. Mikeka hutandikwa kila uwanja, na kila nyumba hutoa mtu mmoja wa kukaa hapo mchana kutwa akiutazama mlima. Jua linawaka, mara ukungu unashuka mweupe kupitia migombani, na kabla hujasimama matone yameshafika. Karafuu ikilowa huota kuvu, na mavuno ya mwaka yanakwisha hivyo.

Kwetu aliyekaa alikuwa Bibi, siku zote. Lakini safari hii mjukuu wa dada yake, mwali aliyekuwa amewekwa ndani, alikuwa anatolewa nje, nyumba ya chini yetu kidogo tu, na hapa kijijini Bibi ndiye mwenye kuzijua nyimbo. Mara zote mwali akitolewa wakati wa karafuu, Bibi aliimba akiwa hapa hapa uwanjani, peke yake, akifuatisha ngoma za mbali. Nikamwambia aende, mikeka nitailinda mimi.

"Wewe, mke mwenzangu? Wewe ukishika simu, hata nyumba ikiungua hujui."

Nikaapa kwamba mikeka itajilinda yenyewe.

Transista niliitoa kwenye redio mbovu niliyopewa na fundi wa Mwembesongo, kule mjini. Nilichukua kibao, nikakiwekea nyaya mbili zilizokaribiana bila kugusana, nikakipaka chumvi ili tone la mvua lipitishe umeme vizuri. Tone likianguka, umeme kidogo unaingia kwenye transista, nayo inafungua njia ya umeme mkubwa wa king'ora cha pikipiki. Umeme mdogo ulitoka kwenye betri za tochi, mkubwa kwenye betri ya sola. Nilizitenganisha makusudi, nikihofia kubwa itaunguza ndogo.

Nikamwaga maji kwa kikombe. Kimya. Nikapima: tatu. Nikamwaga tena. Kimya. Mimi siamini kitu mpaka nikipime, na sasa nilikuwa nimepima na bado sikuamini.

Jioni nililala chali kwenye mkeka mtupu. Ukungu ulishuka, ukafuta bonde, ukafuta nyumba ya juu yetu na ya chini yetu, ikabaki yetu peke yake inaelea. Sauti ya mwanamke ikatokea kwenye weupe: "Nyie wa chini! Mna moto huko?" Mama mdogo akaitikia kwamba upo. Kisha akageukia bondeni, naye akaita, "Nyie wa chini! Kesho mnaanza saa ngapi?"

Nikawaza, katika uvivu wa kusinzia, kwamba sisi ni wa chini na sisi ni wa juu, wakati huo huo, na nyumba haijasogea hata kidogo. Inategemea nani anaita, amesimama wapi.

Nikaketi.

Waya mweusi wa mita yangu ya kupimia umeme nilikuwa nimeugusisha kwenye hasi ya tochi. Tatu zangu zilikuwa tatu kutoka kwenye tochi. Transista ilikuwa haihesabu kutoka huko. Yenyewe huhesabu kutoka kwenye mguu wake mwingine, ule niliokuwa nimeufunga kwenye hasi ya sola. Nikauhamishia waya mweusi pale. Namba zikayumba, zikatangatanga karibu na sufuri. Betri mbili, kila moja na chini yake, bila njia ya kutoka hii kwenda ile. Nikakata kipande cha waya, nikaunganisha hasi na hasi, nikadondosha tone moja kwa kidole.

Kililia mpaka kuku wakaruka.

"Sasa ngapi?" Mama mdogo alipiga kelele kutoka jikoni.

"Sufuri nukta saba!"

"Mbona zimepungua?"

"Zimepungua, lakini sasa nimepima kutoka mahali penyewe!"

"Zima basi, utamtoa mwali kabla ya siku yake!"

Kesho yake tulishuka wote, Bibi akiwa na kanga ambayo sikuwahi kuiona. Mwali akatoka amebebwa mabegani, macho chini, shanga zikicheza, na sauti ya Bibi ikapaa juu ya ngoma, nyembamba, kama moshi wa asubuhi. Sikujua kwamba anaimba vile. Nilisahau mlima, nilisahau umeme. Sijui king'ora kililia kwa muda gani kabla sijakisikia. Nikapanda mbio, migomba ikinipiga usoni, nikaburuta mikeka hadi barazani. Karafuu za pembeni zililowa. Nyingi zilipona.

Jioni Bibi hakuuliza chochote kuhusu karafuu, nami nikaumia kidogo. Nilijiambia kwamba ngoma zilimziba masikio.

Mama mdogo alikuja kuniambia baadaye sana, kwenye simu, tukizungumza mengine kabisa. Siku ile alikuwa amesimama ubavuni mwa Bibi. Bibi alikisikia king'ora kabla ya mtu yeyote. Mama mdogo alimvuta kanga waende, naye akasema, "Kiache kilie," akaanzisha wimbo mwingine.