Shingo ya Hashil Kinyozi

Miaka iliyofuata kulegezwa kwa masharti ya biashara ilipita Temeke bila haraka, na kila mmoja ulileta chake: vitambaa vya Dubai, mashine za umeme za kunyolea, televisheni madukani. Hashil bin Seif aliipokea yote akiwa nyuma ya kiti kilekile cha kinyozi. Desturi yake haikubadilika: akishamnyoa mteja, humshika kidevu na kisogo, akaizungusha shingo ghafla huku na huku mpaka ialike, yaani itoe mlio kama vidole vinavyovunjwa. Wateja waliamini kwamba asiyealishwa shingo hajanyolewa sawasawa.

Mwaka 1998, katika pilikapilika za kuelekea Idi, Hashil alichoka, akamwomba kinyozi mwenzake, Farhan, amwalishe yeye. Farhan alikuwa na mikono mizito. Kesho yake shingo iliuma upande wa kushoto, na kope ya jicho la upande huo ikalegea.

"Wamkonyeza nani?" akauliza Rukaiya, mkewe.

"Simkonyezi mtu. Jicho limekataa kufunguka."

"Basi twende likafunguliwe hospitali. Wanawake wa mtaa huu washaanza kuitika."

Kabla hawajatoka, mkono wa kulia wa Hashil ulikufa ganzi kwa muda, kikombe kikamponyoka. Hapo mzaha ukaisha. Ndugu yake aliyekuwa Maskati akampeleka Bombay, na picha zikaonyesha kilichotokea: ule mzunguko wa ghafla ulichana utando wa ndani wa mshipa mkubwa wa shingo, damu ikapenya katikati ya kuta zake, na ukuta ukavimba kama kifuko. Bonge la damu likitoka humo kupanda kwenye ubongo, lingeweza kuuchukua mkono wa kulia, au uhai wenyewe.

Dawa za kuzuia damu isigande zilijaribiwa kwanza, lakini uvimbe ulizidi kukua. Daktari akapendekeza stenti, yaani kibomba cha wavu mwembamba wa chuma, kipitishwe kwenye mshipa wa paja hadi shingoni, kifunguke huko na kuubana utando urudi mahali pake. Tiba hiyo ilikuwa bado ngeni, na daktari hakuficha kwamba nayo ingeweza kuleta kiharusi.

"Muulize," Hashil akamwambia ndugu yake, "nitashika tena mkasi?"

"Anasema ndiyo sababu anataka kuifanya."

Alilala macho, paja tu likitiwa ganzi, ulimi ukimtaja Mola. Ndugu yake aliruhusiwa kusimama kando na kufasiri. Wavu ulipokwisha kufunguka, daktari akamtaka achezeshe vidole vya mkono wa kulia. Vidole viwili vikafunguka na kujifunga, vikafunguka na kujifunga, bila kutetemeka.

"Anafanya nini?" akauliza daktari, mtu mwenye upara.

"Anakunyoa."

Daktari alicheka mpaka miwani ikamteleza.

Hashil aliporudi Temeke, wa kwanza kukalia kiti alikuwa Marijani, muuza nyama wa Vingunguti. Alinyolewa, kisha akainamisha shingo na kungoja.

"Umekwisha, Marijani."

"Umekwisha vipi? Nitoke Vingunguti kote huko ninyolewe nusu?"

"Shingo yako utarudi nayo kama ulivyokuja nayo."

Marijani akamgeukia Farhan.

"Mie usinitazame," Farhan akasema. "Kwanza nilishakatazwa hata kufunga vifuniko vya chupa."

Marijani aliondoka akinung'unika, akarejea nywele zilipoota, kwa kuwa mkono ule ulinyoa vizuri kama zamani.

Mwenyezi Mungu amdumishie Hashil afya ya mkono na mshipa, amjaalie Rukaiya furaha nyumbani mwake, amlipe kheri ndugu aliyemsindikiza, na awape wazao wao umri wenye baraka na miili yenye salama. Amina.