Kikopo cha Mama Mkwe

Siku ya kwanza kazini nilipewa baiskeli, sanduku la barafu na mfuko wa vikopo vyenye vifuniko. Mtafiti Mkuu, tuliyemwita Daktari, alinieleza kazi tukiwa tumesimama kando ya barabara pale Nyashimo: kupita kwenye kaya, kuongea Kisukuma, kugawa vikopo jioni na kuvikusanya asubuhi vikiwa na choo kikubwa. Alikuwa akitafuta mayai ya kichocho cha tumbo. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na njaa. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, kinu chetu cha Bariadi, nilikokuwa mpima pamba, kilitupunguza, nikahamia Kalemela nilikooa. Simiyu ilikuwa haijawa mkoa.

Vijana huniuliza mtu anapataje shahada ya utafiti wa tiba. Mimi niliiona kwa nyuma, juu ya baiskeli. Daktari alikuwa na shahada ya kwanza ya udaktari, akafanya kazi wodini, kisha akasoma ya uzamili. Ya tatu, ya uzamivu, si ya kukaa darasani. Ilibidi apate msimamizi, yaani profesa wa kumwongoza. Aandike andiko la kueleza atachunguza nini na kwa njia gani. Apate kibali cha maadili, kwamba hatamlazimisha mtu wala kutangaza ugonjwa wake. Ndipo akusanye, aandike tasnifu na kuitetea mbele ya maprofesa.

Kaya alizipata kwa kura.

"Tukichagua wenyewe tutachagua walio karibu na barabara na wasio wakali," alisema. "Maprofesa watanirudisha nyumbani. Iliyotoka haibadilishwi."

Kalemela ikatoka kaya ya baba mkwe wangu.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Akija kwa njia hii, wewe unapita ile. Leo nimpe kikopo!

"Daktari, hii tubadilishe."

"Kuna mgonjwa?"

"Kuna mama mkwe."

Daktari, mtu wa Moshi, alicheka. "Mama mkwe hana tumbo?" Alipoona sicheki, akashusha sauti. "Anaweza kukataa, kibali kinasema hivyo. Lakini akatae yeye, usimkatalie wewe."

Nikamtuma mke wangu na kikopo. Mimi nilibaki karibu na zizi, mgongo kwa nyumba. Mama mkwe alipaza sauti makusudi nisikie.

"Mumeo kakosa pamba ya kupima, sasa anapima haya? Muulize anataka debe!"

Wake wa shemeji zangu waliangua kicheko.

"Kidogo tu, mama. Kama karanga."

"Na nikikataa?"

"Ni haki yako. Ila kaya yetu itabaki pengo kwenye masomo ya Daktari."

Ng'ombe mmoja alinipumulia shingoni, sikuthubutu kusogea.

"Mtoto wa watu katoka mbali kote huko," mama mkwe alisema hatimaye. "Lete. Lakini kesho aje mwenyewe kuchukua. Yule wa zizini nisimwone."

Asubuhi Daktari alikipokea, akakitia ndani ya sanduku lililofungwa kwenye baiskeli yangu. Kilikuwa na namba tu, lakini namba niliiandika mimi. Nilishindwa kupanda. Nilikokota baiskeli kwa mkono mpaka Nyashimo, polepole, kama ninayesindikiza mtu mzima.

Daktari aliinua uso kutoka kwenye hadubini. "Namba hii inahitaji dawa," alisema, akatazama dirishani. Dawa hutolewa kwa uzito wa mgonjwa, basi akaenda yeye na mizani.

Daktari alifaulu, na leo anawasimamia wengine. Mimi nilihama na kila mradi uliotaka mtu wa baiskeli, Lamadi, Mkula, Musoma, mpaka magoti yakaniachisha kazi mapema. Nazikumbuka barabara zote hizo kwa hamu, isipokuwa ile ya kutoka Kalemela. Sikuiba wala kudanganya. Lakini nilijua kilichokuwa tumboni mwa mama mkwe, na yeye alijua kwamba najua. Tangu siku ile sijaingia nyumbani kwake.

Mwezi uliopita mke wangu alirudi kutoka kumsalimia.

"Mama anasema nikwambie zile dawa zilimfaa."

Masikio yaliniwaka. "Ukamjibu nini?"

"Kasema anataka jibu lako, siyo langu."

Mke wangu anarudi huko Jumamosi, na bado sijampa neno la kupeleka.