Kidole cha Kuonjea Chumvi

Kabla sijaugua, mtaa mzima wa Ziwani ulinijua kwa mutura yangu ya kuchoma. Kila siku nilinunua utumbo wa ng'ombe, nikaupindua ndani nje, nikaukamua mavi na kuusuuza kwenye karai. Kisha niliujaza nyama ya kusaga, damu na pilipili. Kabla ya kuufunga uzi, nilichovya kidole kwenye ule mchanganyiko mbichi nikakilamba. Ndivyo baba alivyonifundisha kupima chumvi, na wateja walisema mkono wangu una baraka.

Jumatatu moja tumbo lilinikata. Nikaharisha maji, kisha makamasi, kisha damu. Choo tulikitumia na majirani, na harufu yangu mwenyewe ilinitapisha. Niliona aibu, mimi muuza chakula. Mke wangu, Wairimu, nikamwambia ni homa tu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya nne nilijinyea kitandani, nikitetemeka meno yakigongana. Wairimu aliponiita, nikamwita mama.

Alinisafisha yote yale kwa mikono yake, akaita majirani wanibebe hadi hospitali.

Fahamu ziliporudi, daktari alikuwa kando ya kitanda. "Vijidudu vya utumboni vimeingia kwenye damu yako," alisema. "Ungekawia siku moja zaidi, ungezikwa. Unafanya kazi gani?"

Nikamweleza yote, mpaka kidole. Akaacha kuandika.

"Unalamba ikiwa mbichi?"

"Sasa daktari, nitajuaje chumvi?"

"Mzee, umekuwa ukila mavi ya ng'ombe kidogo kidogo."

Nilitapika papo hapo. Wairimu alikitazama kile kidole. "Na hiyo ndio ulikuwa unanishikia nayo mashavu?"

Nilidungwa sindano wiki mbili. Nilitoka suruali ikinishuka, lakini nilitoka kwa miguu yangu. Namshukuru Mungu, na wale wauguzi waliobadilisha shuka zangu bila kuziba pua. Nawe unayeharisha damu na kuona aibu, nenda hospitali leo. Aibu haijawahi kumponya mtu.

Mutura bado napika. Utumbo nauchemsha kwanza, mikono naosha kwa sabuni, na chumvi naionja mutura ikishaiva. Juzi mteja wa zamani alitafuna, akatikisa kichwa.

"Lakini siku hizi haina ile ladha yako."

"Shukuru Mungu," nikamwambia.